Mtani Hapewi Pole

Mtani wangu,

Salamu sikupi. Ulizigawa za kutosha siku ya msiba, mkono mmoja baada ya mwingine, kuanzia kwa mchungaji hadi kwa mwenyekiti wa kijiji, na mimi ukanifikia katikati ya mstari kama mtu uliyewahi kukutana naye kwenye semina. Ukanishika mkono kwa mikono yako miwili, ukainamisha kichwa, ukasema, "Pole sana, dada. Mungu akutie nguvu." Kisha ukaenda kukaa kwenye viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe.

Mama yangu yuko kwenye jeneza, na wewe unanipa pole. Nimekaa na neno hilo tangu siku ile na bado limenikwama kooni. Najua wako watakaosoma hapa washangae, waseme pole ina ubaya gani. Pole ni neno jema, anaambiwa aliyejikwaa, anaambiwa mgonjwa, anaambiwa hata mtu aliyetoka zake kazini. Lakini wewe ni Mhehe na mimi ni Mgogo, na unajua kama ninavyojua mimi kwamba mtani hapewi pole. Mtani akifiwa unamwendea na fujo zako. Unamuuliza mbona analia vibaya hivyo, hakufundishwa? Unaficha mwiko wa wapishi. Unavaa nguo za marehemu na kutembea kama alivyotembea mpaka wafiwa washike mbavu. Pole tumewaachia wageni.

Naandika hadharani kwa sababu kila nikikupigia simu unanijibu kwa sauti ya ofisini, na ile sauti mimi siijui jina lake. Lako silitaji pia. Wanaokufahamu watakufahamu, na wasiokufahamu hawajapungukiwa na kitu. Nina hasira na wewe, hasira ya kweli, na tatizo langu ni kwamba tangu utotoni nimefundishwa kuwa mtani hanuniwi. Babu zako na babu zangu walipigana weee, walipochoka kuuana wakakubaliana kutukanana, na sharti likawa moja, anayetukanwa asikasirike. Basi mimi leo nalivunja. Nimekasirika, na unitoze faini unayotaka.

Kumbuka siku ya kwanza Chemba. Mimi nimeshuka na begi langu, godoro kichwani, barua ya kupangiwa shule mkononi, ualimu wenyewe bado unanuka chaki za chuoni. Wewe ulikuwa umetangulia wiki kadhaa, umekaa kizingitini kwenye ile nyumba ya walimu ya vyumba viwili, unachambua maharage. Hukuinuka. Ukaniuliza kwetu wapi. Nikasema hapahapa Dodoma, mimi Mgogo wa upande wa Bahi. Ukaweka ungo chini taratibu, ukanitazama juu mpaka chini, ukasema, "Kumbe mtumwa wangu ndiyo unafika saa hizi? Lete hilo godoro."

Na ulilichukua. Ulililalia juma zima, mimi nikalala kwenye mkeka, na mwalimu mkuu, yule mzee wa Kirangi mwenye huruma, alipokuja kusuluhisha ulimwambia, "Mwalimu, usiingilie. Ugomvi huu ni wa mababu." Mimi nikamwambia asijali, mla mbwa, ndivyo tunavyowatania Wahehe kama mnavyotuita sisi ombaomba, akishiba atalala popote na godoro nitalirudisha. Mzee wa watu akatikisa kichwa akaenda zake. Jioni ile tulipika pamoja, na sijui kama nimewahi kujisikia nimefika nyumbani upesi namna ile. Sikujua jina la baba yako, sikujua dini yako, lakini nilijua tayari kwamba naweza kukuambia lolote na wewe ukaniambia lolote, na kwamba hakuna hata mmoja wetu mwenye ruhusa ya kuondoka kwa kuudhika.

Watu wengi hawapati hilo hata kwenye ndoa.

Halafu likizo ile nikakupeleka kwa mama. Nilimpigia simu mapema kwamba naja na mwenzangu kutoka Iringa. Mama hakuuliza jina lako wala unakula nini. Aliuliza, "Mhehe?" Nikasema ndiyo. Akamwita kaka yangu Lazaro palepale, simu bado iko sikioni, nikamsikia, "Lazaro, siku hiyo Popi akafungwe nyuma ya zizi. Anakuja Mhehe." Mbwa wote wa mama waliitwa Popi, akifa mmoja anayefuata anarithi jina. Ulipofika ukapiga hodi, ukasimama katikati ya uwanja, ukaangalia huku, ukaangalia huku, ukasema kwa huzuni kubwa, "Mama, nimetoka mbali. Mbona nyumba hii haina nyama?" Na Popi kule nyuma, kama aliyesikia, akabweka.

Mama alikaa chini. Si kwamba aliketi, alianguka akakaa, kwa kucheka. Akakuletea ugali wa uwele na mlenda, ukachovya, mlenda ukavutika na kukudondokea kifuani, ukasema, "Hata mboga yenu inanikimbia. Mmeiambia nini?" Yeye akakujibu, "Kula, mwanangu, ukimaliza nitakuomba nauli ya kurudia niliyotaka kukupa." Mwanangu, alikuita, siku ya kwanza. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo ya maji, na nakumbuka nilivyofurahi.

Kuanzia pale ukawa unakwenda kwa mama hata bila mimi. Ulimsoma yule mwanamke kuliko sisi aliotuzaa. Ulijua anavyoshika kiuno kwa mkono wa kushoto akiinuka, anavyovuta khanga kabla ya kusema jambo zito, anavyoita kuku wake kana kwamba anawasuta, anavyoanza kila sentensi na "Nyie mnasema tu." Ukawa unamwigiza mbele yake. Wakija wageni, yeye mwenyewe ndiye alikuwa akikuchochea, "Haya, Mnyalukolo wa Iringa, nitembee." Nawe unajifunga khanga yake, unashika kiuno, unatembea kutoka jikoni mpaka kwenye mtungi, na wageni wanalia kwa kicheko, na yeye anasahihisha, "Mguu huo hapana, nauburuza kidogo."

Siku moja, na ulikuwepo, usiseme hukuwepo, tunapukuchua mahindi pale nje, mama akasema kama mtu anayezungumzia mvua, "Siku nikifa, nguo zangu atavaa huyu. Asije mtu mwingine akanikosea mwendo." Wewe ulicheka, ukamwambia afe upesi basi, maana lile gauni la kitenge cha bluu umelitamani siku nyingi. Akakurushia gunzi. Mimi sikulichukulia kuwa wosia wakati ule. Lakini mama alilichukulia hivyo, kwa sababu gauni lile hakulivaa tena shambani.

Nikwambie kingine ambacho umekisahau. Baba yako alipofariki, nilikuja Kilolo. Sikuuliza kama viongozi watakuwepo. Baridi ile ya kwenu ilinigonganisha meno, nimefika asubuhi watu wamejikunyata kwenye moto, mama yako hajala tangu jana yake, macho makavu, anatazama ukuta. Shangazi yako akanipa koti refu la marehemu. Unajua ilivyokuwa vigumu kulivaa? Nilimpenda mzee yule. Alinifundisha kupanda viazi na kunicheka nilivyoshika jembe. Koti lilikuwa bado lina harufu ya tumbaku yake. Nilitamani nilikumbatie, nilie kwenye mkono wake, niishie hapo.

Nikalivaa. Nikachechemea kama alivyochechemea. Nikaenda kwa kila mzee pale kwenye moto nikamuuliza, "Saa ngapi sasa?" huku nimevaa saa mkononi, kama alivyokuwa akifanya maisha yake yote. Wa kwanza kucheka alikuwa mdogo wake. Halafu nikafika kwa mama yako, nikakohoa kile kikohozi chake, nikamwambia, "Mama watoto, chai ya mtu iko wapi, au mmeshaanza kunisahau?" Mama yako akainua macho kutoka ukutani. Kisha akacheka, na kicheko kikageuka kilio, akalia kilio chake chote, na baadaye akaomba uji. Wakati wa kuzika niliingia kaburini kabla ya jeneza nikagoma kutoka mpaka niletewe jogoo, na wewe ulikuwa juu pale, uso umevimba, ukanipigia kelele, "Ombaomba weee, hata kaburini?"

Jioni ulinikuta nyuma ya jiko nimelikunja lile koti, nalia peke yangu. Ulikaa karibu yangu ukasema, "Nilidhani sitacheka tena." Hukuniambia asante, na ungeniambia ningekasirika. Asante nayo ni ya wageni.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa. Hata ndoa yangu wewe ndiye uliyeiona kabla yangu. Yule bwana nilipomleta kwako ulimzunguka, ukamtazama machoni, ukasema mbele yake, "Mtumwa wangu, huyu anaangalia mlango tu." Tulicheka wote, na yeye akacheka. Ndugu zangu wa damu walikuwa wameona jambo lilelile, wakanyamaza kwa adabu. Alipoondoka kweli, kaniachia madeni ya aibu na jozi moja ya viatu, ulikuja ukavivaa vile viatu ukaenda navyo gengeni, vinakupwaya, unarudi na nyanya unavuta miguu kama bata. Siku ile ndipo nilipokula. Sikuhitaji mtu wa kuniambia nitapata mwingine. Nilihitaji mtu wa kuvaa vile viatu, ukavivaa.

Sasa niambie ulianza lini kunionea aibu.

Mimi nadhani najua. Uliporudi chuo, ukapata kazi wizarani, tukafurahi. Mama alichinja kuku. Serikali ilipohamia huku Dodoma mjini, ambako nami nilikuwa nimehamishiwa, nikasema afadhali, mtani wangu yuko karibu, mimi Makole yeye Nzuguni, tutasumbuana mpaka tuzeeke. Nikaja ofisini kwako siku moja nimebeba ubuyu na karanga za mama. Nikaingia na sauti yangu yote, nakusalimia kwa Kihehe, "Kamwene, mla mbwa!" Mle ndani kulikuwa na vijana wawili na kompyuta zao. Wewe ulitabasamu, meno yote nje, macho hayamo, ukasema, "Karibu, dada. Keti."

Dada. Miaka yote uliniita mtumwa, ombaomba, mla mlenda, Mgogo asiyenawa. Hukuwahi kuniita dada. Nilikaa kwenye kile kiti nikashika mfuko wangu wa karanga mapajani kama mtu aliyekuja kuulizia faili. Nilijiambia ni kazi, kazi ina heshima zake, tukiwa wawili atarudi kuwa yeye. Na nilipokuja kwako Nzuguni siku ya kufungua nyumba, ulinivuta pembeni jikoni ukaninong'oneza, "Mambo ya mbwa leo tuyaache, mpenzi. Hawa watu hawatatuelewa." Nikayaacha. Nikala wali wako kwa uma, nikasifia pazia. Hata kuomba sikuomba, na wewe hukugundua kwamba Mgogo ameingia nyumbani kwako ametoka hajaomba kitu.

Halafu mama akaondoka.

Wewe ndiye mtu wa kwanza niliyempigia. Kabla ya shangazi, kabla ya mchungaji. Nilisema, "Mama amekwenda. Mwambie Popi ajiandae." Nilitaka unitukane. Nilikuwa nimesimama kwenye korido ya hospitali, nasubiri matusi yako ndiyo nishikilie. Ukasema, "Oh, jamani. Pole sana." Nikangoja. Nilidhani unavuta pumzi, kwamba baada ya pole itakuja ile nyingine, mbona amekufa kabla hajanilipa jogoo wangu, chochote. Haikuja. Basi nikakuomba kwa mdomo wangu, kitu ambacho hakuna mtani anayepaswa kukiomba. Nilisema, "Nakuomba uje uvae nguo zake." Ukasema, "Nitakuja, dada."

Kule kijijini walikungoja. Nataka ujue walivyokungoja. Asubuhi ya maziko Lazaro alimchukua Popi akaenda kumfunga nyuma ya zizi, bila kuambiwa na mtu, macho mekundu, kamba mkononi. Shangazi akafunga kifurushi: lile gauni la kitenge cha bluu, khanga mbili, raba zake za shamba. Akakipakata. Wale bibi wa kijiji, kila anayefika anauliza, "Mtani amefika?" na shangazi anajibu, "Yuko njiani." Walikuwa wamejizuia kulia sana. Waliona watalia vizuri wewe ukishafika, ukishawafungulia.

Likaja gari. Ukashuka na suti nyeusi na miwani myeusi, dereva akakufungulia mlango. Mimi hata pale sikuelewa. Nilimnong'oneza Lazaro, "Mwone anavyoigiza leo, kaja kama waziri." Nilidhani suti ndiyo utani wenyewe. Nilianza kucheka, Mungu wangu, nilikuwa nimeshaanza kucheka wakati unapita kwenye mstari unashika mikono. Ndipo ukanifikia na pole yako.

Aliyekuwa akiongoza shughuli akakutaja kwa cheo. Rambirambi zako zikasomwa. Mchungaji anahubiri, na kule nyuma ya zizi Popi anabweka, amesikia harufu ya mtu anayemjua, hajui kwa nini amefungwa kama hakuna wa kumkimbia. Shangazi alivumilia. Mahubiri yalipokwisha akainuka, na wewe unajua miguu ya shangazi ilivyo, akavuka uwanja wote mbele ya watu na kifurushi chake, akakiweka magotini kwako. Nilimwona hata mchungaji ameshusha Biblia.

Ukagusa kile kitambaa cha bluu. Hilo niliona, mkono wako ulikaa pale kidogo. Kisha ukasema, "Asante, mama," ukainama, ukakiweka chini ya kiti.

Baada ya kaburi hukukaa hata kula. Una kikao. Gari likageuka, vumbi likatulia, na sisi tukarudi tukakaa, na hakuna aliyejua la kufanya na mdomo wake. Watu hawakucheka na hawakulia, walikula wali wakaondoka. Mwenye viti vya kukodi alipokuwa akikusanya viti vyake akaja kwangu na kile kifurushi kimechafuka vumbi, akasema, "Mama, kuna mgeni kasahau mzigo wake." Jua lilikuwa linazama. Lazaro akaniuliza, "Sasa nimfungue?" Nikakipakata kifurushi nikaingia ndani. Alikwenda akamfungua mwenyewe.

Ulinitumia ujumbe baadaye, mrefu. Kwamba walikuwepo watu wa ofisini kwako, wangekuelewaje. Kwamba mambo yale zamani yalikuwa na maana, siku hizi msiba una utaratibu wake. Yote hayo niliyasoma nikiwa nimesimama, nikayatema. Mwisho ukaandika, "Na pia nilimpenda mno, nisingeweza kumcheka." Hapo nilikaa. Kwa sababu hilo huenda ni kweli, na ndilo linalonitia hasira kuliko yote. Ulimpenda. Na mimi baba yako nilimchukia? Lile koti unadhani lilikuwa jepesi? Kwenye msiba mtu yeyote anaweza kulia, hata dereva wako alilia, nilimwona. Kazi tuliyopewa wewe na mimi ni ile ngumu, ya kupenda halafu kusimama mbele ya watu ukachechemea. Anayeshindwa kumwigiza mama yangu kwa kumpenda ndiye hasa anayehitajika amwigize. Huyo asiyempenda angemkosea mwendo.

Nimefikiri sana, hapa Makole, nikisahihisha madaftari ya watoto, kwamba mtu kwa mtu anafungwa na nini. Ndugu nimezaliwa nao, hata wakininunia tumbo letu ni moja. Mume nilimpata kwa kiapo, akaenda na kiapo chake. Rafiki tunaweza kuachana polepole, simu moja isipokelewe, nyingine isipigwe, na hakuna wa kulaumiwa. Lakini wewe nilikupa ruhusa ya kuniumiza. Ulinitukana mbele ya wanafunzi wangu, ulilala kwenye godoro langu, ulinicheka nilipoachwa, na sikukudai chochote, kwa sababu mwenye ruhusa hiyo ana zamu yake, na zamu yake ni siku ya msiba. Ulikula ruhusa miaka yote. Zamu ilipofika ukavaa miwani.

Na usiniambie umekua. Mama alikuwa na miaka mingi kuliko wewe na mimi, na alikuwa akimficha mbwa.

Msalaba tumeshaweka. Ibada imefanyika, watu wa kanisani wameimba vizuri. Nguo za mama tumezigawa, kila mtu kachukua chake, isipokuwa kile kifurushi. Shangazi anasema niwape akina mama wa kanisani wamalize. Nimekataa. Kiko hapa kwenye stuli karibu na mlango, vumbi la chini ya kiti sijalikung'uta, na bado kinanuka moshi wa jiko lake. Mimi sijamlilia mama yangu. Nimejaribu. Nakaa nasubiri, kilio kinakaribia, halafu nakumbuka mikono yako miwili imeshika wangu na ile sauti, na ninakauka. Hicho ndicho ulichoninyima, kama hukujua. Mama yako ulimwona alivyolia baada ya kucheka, kisha akaomba uji. Mimi uji wangu bado.

Miaka yote uliniita ombaomba. Mbele ya wakuu wa shule, mbele ya wanaume, hadi kaburini kwa baba yako. Nilicheka kila mara. Sasa rudi nyuma ufikiri vizuri, uniambie ni lini nilikuomba kitu. Nilikuomba kimoja tu, kwenye korido, ukasema nitakuja, dada.

Sikuombi tena. Lazaro yupo nyumbani, njia ya Bahi unaijua. Ukija umejifunga khanga na mdomo wako mchafu, hata kama ni mwakani, utatukuta tumemficha mbwa. Ukija na suti yako na pole zako, tutakupokea vizuri sana, utapewa kiti chenye kitambaa, utafunguliwa soda, watoto watakuamkia shikamoo mheshimiwa. Na Popi utamkuta amelala mlangoni, na hakuna atakayeinuka kumfunga.

Ni mimi,
ombaomba wako.